Kisanduku Alichochukua Binamu

Nenda stendi ya Mafinga, useme unamtafuta Kasian fundi simu. Watacheka kwanza, ndipo wakuelekeze. Mwalimu wangu wa fizikia kidato cha nne aliniandikia kwenye ripoti: "Ana akili ila anacheka mno." Baba aliisoma ile ripoti mara mbili, akaniuliza hasa kinachonichekesha ni nini. Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nacheka.

Kwa miezi saba, hata hivyo, nilikuwa na kitu kimoja ambacho sikukifanyia mzaha hata mara moja. Kilikuwa kisanduku cha mbao ya paini, ukubwa wa mkate wa kilo, ndani kina waya na bodi mbili za umeme, na kazi yake ilikuwa kuendesha treni za Fatmabai.

Fatmabai ana duka la vipuri Mbeya mjini, na jingine dogo Iringa linaloangaliwa na kaka yake. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, miwani yake ina mnyororo, na ukienda kwake kununua bearing anakuuliza kwanza ile ya zamani umeiua vipi. Siku niliyokutana naye mara ya kwanza alikuwa anatoka Iringa, akasimama Mafinga kununua mbao. Simu ikamponyoka pale kiwandani, kioo kikapasuka, wakamleta kwenye mwavuli wangu pale stendi. Nilipobadilisha kioo na kuiwasha, picha ikatokea: stesheni ya treni, mabehewa mawili, na juu ya paa la stesheni kidole cha mtu, kikubwa kuliko mlango.

"Mama, hili jitu ni la nani?"

"Langu," akasema. "Na hiyo stesheni ni Makambako."

Ndivyo nilivyojua kwamba ghorofani kwa duka la Mbeya kuna reli nzima ya mfano, kutoka Makambako hadi Mbeya, yenye madaraja na mahandaki, na vichwa vya treni vyenye urefu wa gunzi la mahindi. Ameijenga kwa miaka kumi na tisa. Zile mbao alizonunua zilikuwa za kuirefusha hadi Mlimba.

Tatizo lake lilikuwa kuendesha. Alikuwa anatumia kitufe cha kuzungusha, cha kizamani: ukikizungusha umeme unaingia kwenye reli, na kila treni iliyoko juu ya reli inaondoka. "Zote pamoja," akasema. "Kama watoto wa chekechea wakisikia kengele." Ili treni mbili zipishane ilibidi aikate reli vipande vipande, kila kipande na swichi yake. Alikuwa na swichi kumi na nne. Akisahau moja, ajali stesheni ya Igurusi.

Sasa alitaka mfumo wa dijitali. Katika mfumo huo umeme unakaa kwenye reli muda wote, na amri zinapita humo humo pamoja na umeme. Kila kichwa cha treni kinawekewa chipu ndogo kama punje ya harage, yenye namba yake. Ukisema namba tano ondoka, inaondoka namba tano. Namba nane inabaki pale pale inakutazama. Kulikuwa na mfanyabiashara Dar aliyekuwa tayari kumletea mtambo wa Ulaya, una skrini na vitufe vinavyong'aa.

"Mzuri," nikasema, "ila ukifa itabidi urudishwe kwao kuzikwa. Na umeme ukikatika utafanya nini?"

"Utazima. Kila kitu kinazima."

"Mimi naweza kukuundia wa kwako. Utaendesha kwa simu. Utakula betri ya pikipiki, kwa hiyo mji mzima ukiwa gizani, treni zako zinatembea. Na kila kilicho ndani yake, kikiungua, kipuri kinapatikana hapa hapa nchini."

Akashusha miwani aone kama nacheka. Sikuwa nacheka. Nilishangaa hata mimi.

"Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane," akasema. "Nitaweka mezani yote miwili, wa Ulaya na wa kwako. Nitachagua mmoja. Nikichagua wako, chumba cha nyuma kule juu kinakuwa karakana yako, utahamia Mbeya, na mlangoni nitaandika jina lako."

Mlango wenye jina langu! Mimi ambaye kibao changu ni kadibodi iliyoandikwa FUNDI, na mvua imeshazila N na D na I.

*

Ezron ni mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa Mbeya, kwa Wanyakyusa. Kwa hiyo ni binamu, na binamu kwetu ni mtani, na mtani ana ruhusa zake. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo na mkwe akacheka. Anaweza kuingia jikoni kwenu akaondoka na sufuria ya kuku. Kwenye msiba wa babu alichukua kofia ya baba, akaivaa siku tatu, na baba aliikomboa kwa kreti la soda. Sheria ni moja tu: hukasiriki. Ukikasirika umeuvunja utani, na wazee watakuweka kikao wakuulize umerogwa na nani.

Na mimi na Ezron tulikuwa mabingwa. Tukikutana, watu wanavuta viti.

Yeye ndiye aliyekuwa mkono wangu Mbeya. Bodi zilizofika kwa basi alizipokea yeye. Nikitaka vipimo vya reli, yeye ndiye alipanda ghorofani kwa Fatmabai na futi kamba. Kila jioni nilimrekodia sauti kwenye simu: leo nimefanikiwa hiki, leo kimegoma kile, waya mwekundu unakwenda hapa, ukitaka kubadili namba ya treni unafanya hivi. Alikuwa ananijibu, "Mhandisi wa mchongo, endelea tu, kikilipuka nitakuja kukuzika." Nilijua ananitania. Nilifurahi kwamba yuko mtu mmoja duniani anayenisikiliza nikiongea dakika nne bila kuchekesha.

Jumamosi ya wiki moja kabla ya siku yenyewe, mdogo wangu Catherine alipata kipaimara. Ukoo mzima ulijaa nyumbani Mafinga. Nilikileta kisanduku sebuleni niwaonyeshe wazee. Nikaweka kipande cha reli juu ya meza, kichwa kimoja cha treni nilichoazimwa na Fatmabai, nikagusa simu, na kile kichwa kikatembea kutoka sahani ya ndizi hadi sahani ya wali. Babu mdogo akauliza kama kinaweza kumletea ulanzi, pombe yake ya mianzi.

Hapo Ezron akasimama. "Ndugu zangu," akasema, "mimi kama mtani natangaza: hiki ni changu." Akakibeba kisanduku, na betri, na treni, akavitia kwenye begi lake. Sebule nzima ikapasuka. Shangazi akapiga kigelegele. Na mimi nilicheka zaidi ya wote, nilijipigapiga paja, nikamwambia, "Chukua, mwizi wewe, ila ukifika Mbeya usikichemshe ukidhani ni chakula!"

Sijui kama unaona nilichokifanya. Mimi sikukiona. Nilifikiri amenipunguzia mzigo: kisanduku kinatangulia Mbeya, mimi nitafuata, nitamkomboa kwa soda, tutacheka tena.

Siku ya Alhamisi akanipigia. "Binamu, Fatmabai amesogeza. Sio Jumamosi tena, ni Jumapili baada ya saa nane. Usije ukapanda basi bure."

"Kisanduku kizima?"

"Kizima kuliko wewe."

*

Jumamosi asubuhi dereva wa lori la mbao, mteja wangu wa chaja, akasema ana mzigo wa Mbeya na kiti kiko wazi. Nikasema kwa nini nisitangulie, nilale kwa shangazi. Tukapita Nyololo, tukapita Makambako halisi, na mimi naichungulia reli halisi dirishani, namwambia dereva kwamba hii nayo ina mfano wake kule kwa Fatmabai, tena wa kwetu unafuata ratiba. Nilimchekesha hadi Uyole. Nakumbuka nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kupiga miluzi.

Saa tisa nilikuwa dukani kwa Fatmabai, nikitaka tu kumsalimia. Msaidizi wake akasema, "Wako juu. Wameshaanza."

"Wameanza nini?"

"Si kuchagua mfumo?"

Nilipanda zile ngazi taratibu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na watu kama kumi: Fatmabai, kaka yake aliyetoka Iringa, majirani wa maduka, yule mfanyabiashara wa Dar akiwa na mtambo wake wa Ulaya, na shangazi yangu, amevaa kitenge cha sherehe. Mezani, pembeni ya stesheni ya Mbeya, kisanduku changu. Treni mbili zilikuwa zinapishana Igurusi, moja inangoja kwenye njia ya pembeni, nyingine inapita, taratibu, kama watu waliosalimiana. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Na aliyeshika simu, akiongea kwa sauti ya ualimu, alikuwa Ezron.

"Hapa niliamua kutumia betri ya pikipiki," alikuwa anasema. "Kwa sababu nilijiuliza: mji mzima ukiwa gizani, treni za mama zitafanyaje?"

Nilijiuliza! Yalikuwa maneno yangu. Hata pumzi aliyovuta katikati ilikuwa yangu. Aliitoa kwenye sauti niliyomrekodia mwezi wa tano.

Akaniona. Nilitegemea angeshtuka. Wala. Akafungua mikono.

"Huyu hapa! Mtani wangu wa Mafinga, niliyewaambia! Sasa subirini, atasema kisanduku ni chake. Huyu bwana kila kitu ni chake. Siku ya harusi yangu alidai hadi bibi harusi!"

Wakacheka. Na hapa ndipo penye aibu yangu, nami naiandika kama ilivyo: nilicheka na mimi. Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea, kama mlango wa duka. Nilipoufunga nilikuwa nimechelewa.

"Mama," nikamwambia Fatmabai, "hiki ni changu kweli. Nimekiunda mimi."

Kicheko kikapanda. Shangazi akasema, "Hawa watoto, jamani, hawachoki!"

"Sitanii."

"Anasema hatanii!" Ezron akajishika mbavu. "Mnamwona? Hiyo ndiyo staili yake. Anakaza uso hivyo hivyo."

Nikaanza kueleza. Nilisema nilianza lini, bodi ilitoka wapi, kwa nini treni ya mizigo ni namba tano. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyofurahi, kwa sababu nilikuwa nafanya vizuri sana, na mtu anayefanya utani vizuri kwetu hushangiliwa. Jirani mmoja alinipigia makofi. Nilijisikia kama mtu anayezama mtoni huku walio ukingoni wanasifia anavyoogelea.

Mfanyabiashara wa Dar, ambaye hakuwa anacheka, akasema, "Weka treni nne kwa pamoja. Wangu unaweza nne."

"Wangu hata sita," Ezron akajibu, akagusa simu.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwahi kumrekodia. Ile bodi inayosukuma umeme kwenye reli hupata joto treni zikizidi tatu, na feni yake nilikuwa nayo mfukoni, kwenye koti, nimeinunua Iringa Jumatano. Nilipanga kuifunga Jumapili asubuhi.

Treni nne zikaondoka. Watu wakapiga makofi. Mimi nikahesabu kimoyomoyo. Dakika ya tatu ilipokaribia nikasikia ile harufu, kama ya pasi iliyosahaulika juu ya shati.

"Zima," nikasema.

"Mtani ana wivu!"

"Ezron, zima, inaungua."

"Roho yako ndiyo inaungua!"

Wakacheka. Kwa hiyo nikawapita, nikamsukuma jirani aliyenipigia makofi, nikachomoa waya wa betri. Treni zote nne zikasimama hapo hapo zilipokuwa, moja ikiwa nusu ndani ya handaki. Nikafungua kifuniko cha kisanduku, moshi mwembamba ukapanda. Nikawauliza, bila kumtazama mtu, "Mwenye kisanduku aseme: iliyopata moto ni bodi ipi kati ya hizi mbili?"

Ezron akatazama bodi mbili. Akatazama moja, akatazama nyingine. Akatabasamu lile tabasamu lake.

"Si unajua wewe," akasema. "Si ndiyo maana nilikufundisha?"

Na wakacheka tena, ndugu yangu, wakacheka tena! Ila Fatmabai hakucheka. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ncha ya mtandio wake, na aliifuta muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

"Shukeni mkanywe chai," akawaambia wote. "Kasian abaki."

*

Walipoteremka alikaa kwenye stuli, karibu na Makambako yake.

"Ni chako," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ulijua?"

"Tangu Jumatatu, alipokuja nacho akidai wewe ulishindwa, akakiunda yeye. Alikishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Nikamuuliza kwa nini treni ya mizigo ni namba tano, akaniambia imetokea tu. Wewe uliniambia simuni ni tarehe niliyoanza kujenga. Nitasahau?"

"Sasa mama, kwa nini hukusema pale mbele ya watu?"

Akaivaa miwani. Alinijibu kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma kuliko kejeli zote za mchana huo.

"Nimechagua mfumo huu. Ule wa Ulaya, mwenyewe atarudi nao Dar. Hilo ulilitaka, limekuwa. Lakini Ezron anakaa mtaa wa pili. Waya ukikatika saa hizi, baada ya dakika kumi yuko hapa. Mama yake ni mteja wangu miaka ishirini, na Jumatatu alikuja naye, wakakaa hapo hapo ulipo, akaniambia mwanawe amepata kitu cha kufanya maishani. Nikimwaibisha mbele ya majirani nitaleta ugomvi kwenye ukoo wenu. Ninyi ni ndugu. Ninyi mna huo utani wenu. Mtagawana wenyewe huko ndani, mimi mgeni sitaingilia."

"Na mlango?"

Akatupa jicho nyuma yangu. Nikageuka kutazama chumba cha nyuma. Kwenye mlango kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu, maandishi mazuri ya wino wa bluu, ya mkono wa Fatmabai mwenyewe: EZRON. Chini yake, kwa herufi ndogo: Mifumo ya Reli.

Kilikuwa kimebandikwa tangu asubuhi, maana gundi ilikuwa imeshakauka. Aliandika akijua.

Nilitamani nimcheke mtu. Nilitafuta ndani yangu neno lolote la kuchekesha, hata baya, nikakuta chumba kitupu.

Shangazi akapanda kuchukua mkoba wake. Nikamsogelea. "Shangazi, wewe unajua. Uliniona sebuleni kwetu nikikiendesha."

"Nilikuona," akasema. "Na nilikuona unacheka alipokichukua. Ukoo mzima ulikuona. Mtani akichukua na wewe ukacheka, mwanangu, umempa. Leo unataka kulia? Mwache mwenzio, wewe una kipaji, utaunda kingine." Akanigonga bega, akashuka na mkoba wake.

Nikatoa feni mfukoni. Sijui kwa nini niliifunga. Labda kwa sababu treni hazikunikosea kitu, na ile namba tano ilikuwa bado imekwama nusu handakini. Nilibadilisha waya ulioungua, nikafunga feni, nikarudisha betri, nikagusa simu yangu. Treni nne zikaondoka. Nikaziacha zitembee dakika kumi nzima, nimeweka kiganja juu ya bodi. Ilikuwa ya baridi. Fatmabai alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama. Nikaifuta programu ya treni kwenye simu yangu ili isiweze tena kuziamuru, nikaiweka mfukoni.

Ezron akapanda na kikombe cha chai mkononi, cha kwangu, amenitilia sukari nne kama ninavyopenda. Akaona zinatembea. Akapumua.

"Afadhali, binamu. Nilishaanza kukuandalia jeneza la mbao zenu za paini." Akaninyooshea kikombe. "Haya, nitukane. Najua una la kusema. Nitukane basi tuishe, kesho nakuletea kreti mbili, wewe si mlafi wa soda?"

Akasubiri. Alikuwa amekaa mkao wa kusubiri tusi, kichwa kimeinama pembeni, jicho moja amelifanya dogo, vile tulivyofanya tangu tuko na miaka sita. Kwa kweli alikuwa ananisihi.

Nikapokea kile kikombe kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyopokea kitu kwa mgeni.

"Ahsante sana, Bwana Ezron," nikasema. "Habari za nyumbani? Mke wako hajambo?"

Akacheka kidogo, akingojea mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja.

"Binamu, acha hizo."

"Na watoto, wazima? Kazi zinaendeleaje?"

Uso wake ukabadilika, polepole, kuanzia kwenye jicho lile dogo. "Kasian," akasema kwa sauti ya chini, "usinifanyie hivyo. Tukana. Sema chochote."

"Nashukuru kwa ukarimu wako, Bwana Ezron. Nisikuchoshe, una kazi."

Nikaweka kikombe mezani bila kunywa, nikamuaga Fatmabai kwa adabu zote, nikashuka ngazi. Nyuma yangu nilimsikia akiita jina langu, halafu akaita jina la utani aliloniita utotoni, lile baya kabisa, kwa sauti kubwa hadi watu wa chini wakainua vichwa kutoka kwenye chai zao wakaanza kutabasamu, wakingoja nigeuke nimjibu.